Kukariri Ngazi Bila Kuzipanda

Tumezoea kuhesabu utamaduni wa taifa kwa ngoma, mavazi, vyakula na methali. Afisa akitumwa Kasulu au Kibondo kukusanya habari za utamaduni, huanza kwa kuwaulizia wapiga ngoma. Akisharekodi sauti na kupiga picha za vikapu, huona kazi imekwisha. Sizibezi ngoma, nami nimezitungia beti nyingi. Lakini katika utamaduni wa watu wowote liko jambo lenye uzito kuzipita ngoma, nalo ni namna watu hao wanavyoafikiana juu ya kinachoruhusiwa na kinachokatazwa miongoni mwao: nani husema wakati jambo linapoamuliwa, nani husikilizwa, na nani hukaa nje ya uzio akingoja kuambiwa. Kwa sababu hiyo nataka kushindana hapa, bila kuficha, na namna tunavyofundisha katika shule zetu za sekondari habari ya muswada kugeuka kuwa sheria. Nasema kwamba hatuifundishi. Tunaikaririsha tu.

Kwa miaka mingi mwanafunzi wa sekondari amelisoma jambo hili katika somo la Uraia, kwa Kiingereza, katika kurasa mbili tatu za kitabu zenye mchoro wa vijisanduku vilivyounganishwa kwa mishale. Huambiwa kwamba muswada huandaliwa na Serikali, husomwa mara ya kwanza, hupelekwa katika kamati, husomwa mara ya pili, hupitiwa na Kamati ya Bunge Zima, husomwa mara ya tatu, kisha hupelekwa kwa Rais apate kuukubali. Yote hayo ni kweli. Mwanafunzi huyakariri kwa utaratibu huo, huyaandika katika mtihani kwa utaratibu huo, na mwezi ufuatao huyasahau kwa utaratibu huo huo. Katika shule moja ya nyanda za juu, ambayo sina haja ya kuitaja, niliwahi kualikwa kuzungumza na vijana wa kidato cha tatu. Walinitajia ngazi zote pasipo kuruka hata moja, nami nikawapigia makofi. Kisha nikawaomba wanipe kwa Kiswahili lile neno la Kiingereza walilokuwa wakilitamka kwa ufasaha mkubwa. Kijana mmoja, mwenye sauti safi na asiye na woga, akajibu kwamba ni bili, kama bili ya maji. Wenzake hawakucheka, maana nao waliona hivyo hivyo.

Laiti kijana yule angalifundishwa kwa neno muswada, neno lenyewe lingalimpa nusu ya somo. Asili yake ni Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya weusi: ni karatasi iliyotiwa weusi wa wino, maandishi ya kwanza yanayongojea kusahihishwa. Sisi watunzi huita muswada kitabu ambacho hakijapigwa chapa. Humpa mwenzetu akafuta, akaongeza, akaturudishia na maneno makali pembeni. Muswada wa sheria nao ni hivyo. Ni kitu kinachoruhusu mkono wa mwingine. Atamkaye neno hilo amekwisha kukiri kwamba jambo halijamalizika. Lakini haya maneno mengine, kusomwa mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, yanahitaji mwalimu wa kuyafafanua, kwa kuwa ni tafsiri ya desturi ya Bunge la Uingereza, ya zama ambazo nakala zilikuwa adimu na karani alilazimika kuwasomea wajumbe kwa sauti. Siku hizi, mara ya kwanza, jina la muswada tu ndilo husomwa, na wala hakuna mjadala. Mjadala wa shabaha ya muswada huja mara ya pili. Vifungu hupitiwa kimoja kimoja katika Kamati ya Bunge Zima, ambapo neno moja laweza kufutwa na jingine likatiwa mahali pake. Mwanafunzi asiyeelezwa hayo hudhani wabunge ni watu wanaosomewa jambo lile lile mara tatu, mpaka wachoke na kulipitisha.

Nimegusa lugha, na sina budi niendelee kidogo, kwani hapo pana donda. Desemba 1962, katika siku za kuzaliwa kwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alilihutubia Bunge kwa Kiswahili. Tangu enzi hizo Kiswahili kimekuwa sauti ya Bunge letu. Hata hivyo miswada yenyewe, aghalabu, iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza kwa karibu miaka 60. Mbunge alisimama akatetea kwa Kiswahili kifungu alichokipokea kwa Kiingereza, akashinda hoja, na ushindi wake ukarudishwa tena katika Kiingereza ili uwe sheria. Ilipofika mwaka 2021 ndipo Bunge lilipopitisha marekebisho, kwa Sheria Na. 1 ya mwaka huo, na kutamka kuwa lugha ya sheria za Tanzania ni Kiswahili. Hilo ni tendo kubwa la utamaduni, na nashangaa kwamba sijasikia wimbo wake. Mtaala uliorekebishwa mwaka 2023 nao umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Nalipongeza. Lakini kukariri kwa Kiswahili bado ni kukariri. Na mchoro wa vijisanduku ukitafsiriwa, vijisanduku hubaki vijisanduku.

Kosa kubwa kuliko la lugha ni kuanzia Dodoma. Kwa mtoto wa Kibondo, Dodoma ni mahali panapotajwa katika redio. Ukimwambia kwamba sheria hutungwa huko, umemwambia kwamba hutungwa na watu wengine, mahali pengine, kwa ajili yake. Naye huipokea kama anavyoipokea mvua ya masika: hajui ilikotoka, haulizi, hutafuta tu pa kujikinga. Ilhali katika kijiji chake mwenyewe, hatua mia chache kutoka shuleni, pana chombo chenye mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982 imeipa Halmashauri ya Kijiji uwezo huo, na imeweka njia ya kuufuata. Kwa nini tusianzie hapo?

Tuseme kijiji kina mizinga mingi ya nyuki katika misitu ya miombo, kama vilivyo vijiji vingi vya Kibondo. Kila kiangazi mtu huwasha moto kusafisha shamba lake, moto ukamponyoka, na mizinga ya jirani ikateketea pamoja na nyuki wake. Malalamiko yanafika katika Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25. Wanajadiliana, wanaafikiana kwamba pawe na sheria ndogo ya kuzuia moto, na mtendaji wa kijiji anaandika rasimu. Hapo tuna muswada. Rasimu inapelekwa katika Mkutano wa Kijiji, ambao wajumbe wake ni kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, na hapo ndipo mambo yanapoanza kupendeza. Bibi mmoja mjane anauliza kama faini hiyo iliyoandikwa itamhusu na mwanawe aliyeko mbali, ambaye shamba lake analilima yeye. Kijana asiye na mzinga hata mmoja anasema kwamba wenye nyuki wanataka kumfunga mikono asilime. Mzee anapendekeza kwamba mwenye kutaka kuchoma atoe taarifa siku mbili kabla, na majirani wakate mkuza. Kifungu kinabadilika. Faini inapungua. Watu wanaafikiana au wanagawanyika, muhtasari unaandikwa, mahudhurio yanatiwa sahihi, na karatasi zinakwenda katika Halmashauri ya Wilaya, ambako madiwani huweza kuikubali sheria ile ndogo au kuikataa. Isipokubaliwa huko, haina nguvu.

Mwanafunzi aliyeyaona hayo hahitaji mchoro. Rasimu ya mtendaji ni kazi ile ile afanyayo mwandishi wa sheria wa Serikali. Swali la bibi ndilo maoni ya wadau mbele ya kamati. Mzee wa mkuza ameleta marekebisho ya kifungu. Madiwani wameshika nafasi inayofanana na ile ya kukubali muswada, ingawa hapa mwalimu mwangalifu atasimama na kueleza tofauti, kwa maana diwani si Rais na kijiji si Bunge. Na tofauti nazo ni somo: kijijini mwananchi huzungumza mwenyewe kwa kinywa chake, Bungeni huzungumza kwa kinywa cha aliyemchagua.

Kadhalika kijana atajifunza mahali jambo linapoweza kuoza. Katika utumishi wangu nimepata kuiona sheria ndogo iliyofika na viambatisho vyote: rasimu, muhtasari, na orodha ya mahudhurio ya watu mia na ushee. Majina yote yalikuwa katika mwandiko mmoja na wino mmoja, na sahihi zote zilipinda upande mmoja. Kijiji chenyewe sikitaji. Lakini kwa karatasi kama hiyo mtu hutozwa mbuzi wake, au hulipa faini sokoni, na akiuliza sheria hiyo ilipitishwa lini huambiwa asibishane na Serikali. Serikali gani? Sheria ambayo mkutano wake haukukaa si ya Serikali. Ni ya mwenye kalamu. Kijana aliyefundishwa njia ya sheria atajua kuuliza maswali matatu tu, kwa adabu, mbele ya mtendaji: mkutano ulikaa lini, muhtasari uko wapi, na Halmashauri ya Wilaya iliridhia kwa kikao kipi. Kijana aliyekariri ngazi saba za Dodoma atalipa mbuzi.

Wako watakaosema kwamba watu wa Buha hawakuwa na mazoea ya kutunga sheria, kwamba walikuwa na wami wakatawaliwa, kwa hiyo lazima tuwaletee somo kutoka nje. Hiyo ni kasumba. Kabla ya wakoloni, Buha ilikuwa na falme kadhaa, mathalani Heru, Muhambwe na Buyungu. Mwami alitawala, lakini ardhi na matambiko yake yalikuwa na wasimamizi wao, wateko, ambao mizizi yao katika nchi ile ilikuwa ya tangu zamani za kale. Mamlaka hayakukaa katika mkono mmoja. Sisemi kwamba mambo yalikuwa ya haki kwa kila mtu. Palikuwapo mabwana wa ng'ombe na wategemezi wao, na mwenye kutegemea hakusema sawa na mwenye mali. Nasema tu kwamba watu walijua neno la nani linahitajika katika jambo gani, na ujuzi huo ndio kiini cha katiba yoyote.

Na tazama jinsi historia isivyofutika. Jimbo la uchaguzi la Kibondo limeitwa Muhambwe, na jimbo la Kakonko, wilaya iliyomegwa kutoka Kibondo, liliitwa Buyungu hadi mwaka 2025. Mbunge aliposimama Dodoma akatambulishwa kwa jina la jimbo lake, lilitamkwa jina la ufalme. Ni walimu wangapi wa Kibondo waliowaambia wanafunzi wao hayo? Kwa upande wa Kasulu, Mwami wa Heru, Theresa Ntare, alikuwa miongoni mwa wanawake wachache sana waliokaa katika Bunge la Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kisha mwaka 1963 utawala wa machifu ukafutwa nchini kote. Watoto hudhani machifu waliondoka wenyewe, kama ukungu, uhuru ulipofika. La hasha. Waliondolewa kwa sheria: palikuwa na muswada, palikuwa na Bunge, palikuwa na kukubaliwa. Mwalimu wa Kasulu anayetafuta mfano wa muswada uliobadili maisha ya mahali alipo, anao chini ya miguu yake, na badala yake huandika ubaoni mfano wa kitabu usiotaja sheria hata moja kwa jina.

Mfano mwingine ni mchungu zaidi, nami siuogopi, kwa kuwa taifa lililokomaa halifichi mambo yake kwa vijana wake. Mkoa wa Kigoma ulikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo ambayo watu wake walihamishiwa vijijini kwa operesheni, kuanzia mwaka 1972. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri. Watu wakatoka vilimani na mabondeni walikotawanyika, wakapangwa kando ya barabara. Nami nimekulia katika kijiji cha namna hiyo, ambacho nyumba zake zilipimwa kwa kamba. Wapo waliopata shule, zahanati na maji ambayo wasingaliyapata vilimani, na wapo walioacha migomba iliyokwisha kuzaa. Sasa tuulize swali la somo letu: sheria iliyoviunda vijiji hivyo ilitungwa lini? Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ilipitishwa mwaka 1975. Watu walihama kwanza, sheria ikawafuata nyuma.

Madhara yake hayakuishia hapo. Amri ilimpa mtu shamba lililokuwa la mwingine, na haikusema yule wa kwanza haki yake imekwenda wapi. Miaka ya 1980 mashauri yakajaa mahakamani. Tume iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji ikazunguka mikoani mwaka 1991 na 1992 kusikiliza wananchi juu ya ardhi. Na mwaka huo huo wa 1992 Bunge likapitisha Sheria Na. 22, iliyokusudia kuzima haki za kimila katika vijiji vya operesheni na kuwafungia watu mlango wa mahakama. Wakulima wawili wa mkoa wa Arusha, Lohay Akonaay na mwanawe Joseph Lohay, wakaipinga. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba, na vifungu vikuu vya sheria ile vikaanguka. Ikabidi kutunga upya. Mwaka 1999 zikapitishwa Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zilizoanza kutumika Mei 2001, na kifungu cha 15 cha hiyo ya pili kikathibitisha ugawaji wa ardhi uliofanywa wakati wa operesheni, kati ya mwaka 1970 na 1977.

Kwa kifungu hicho ndipo shamba analolilima baba wa mwanafunzi wetu wa Kasulu ni lake. Mwanafunzi hakijui. Anajua ngazi saba. Hajui kwamba nyumba yao imesimama juu ya amri, sheria, tume, sheria nyingine, hukumu, na sheria ya tatu, na kwamba katika kila hatua ya hizo kuna mtu aliyesema au aliyenyamaza. Ukimfundisha mlolongo huo mmoja kwa wiki mbili, utakuwa umemfundisha Bunge, Mahakama, Katiba na historia ya kwao kwa pamoja, na nathubutu kusema hatausahau.

Kwa vijana wa kike natoa mfano wa namna nyingine. Mwaka 1969 Serikali ilichapisha mapendekezo yake juu ya sheria ya ndoa, kabla ya kuandika muswada, na watu wakayajadili nchi nzima: misikitini, makanisani, katika matawi ya chama na katika magazeti. Kelele zilikuwa nyingi. Baada ya mjadala huo ndipo ikaja Sheria ya Ndoa Na. 5 ya mwaka 1971. Huo ni mfano mzuri wa kuwauliza watu mapema, na hata hivyo sheria yenyewe haikutoka bila kasoro: kifungu cha 13 kiliweka umri wa kuoa kuwa miaka 18 kwa mwanamume, na wa kuolewa miaka 15 kwa mwanamke, na kifungu cha 17 kikamwachia mzazi idhini. Rebeca Gyumi akavipeleka vifungu hivyo Mahakama Kuu, akashinda mwaka 2016. Na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikashikilia kwamba vinakwenda kinyume cha Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja wa kurekebisha. Mwaka ule ulipita pasipo sheria mpya. Msichana wa kidato cha pili ana miaka 14 au 15. Je, somo hili ni la kukariri kwake? Muulizeni aandike yeye mwenyewe kifungu kimoja cha muswada wa kurekebisha sheria ile, kisha darasa zima likipitie neno kwa neno kama Kamati ya Bunge Zima. Mtaona kama atasinzia.

Sasa nirudi Dodoma, kwa kuwa sikusema Dodoma isifundishwe. Nasema ifundishwe kwa milango yake. Mchoro wa vijisanduku hauna milango. Huonyesha muswada ukipita peke yake kama gari moshi relini. Kumbe muswada hutangazwa katika Gazeti la Serikali pamoja na maelezo ya madhumuni na sababu zake, na yeyote aweza kuusoma. Kamati ya Bunge hualika maoni, na mtu wa Kibondo aweza kuyapeleka kwa maandishi asipokuwa na nauli. Mbunge naye, asiye waziri, aweza kuleta muswada wake binafsi. Hata mlango wa mwisho una mambo. Wanafunzi huandika kwamba Rais hutia sahihi, basi. Ibara ya 97 ya Katiba yasema zaidi: Rais aweza kukataa, akaurudisha muswada pamoja na sababu zake, ukisharudishwa hauwezi kupelekwa tena kwake kabla ya miezi 6, isipokuwa umeungwa mkono na wabunge wasiopungua theluthi mbili ya wabunge wote, na ukipelekwa kwa nguvu hiyo, Rais hupaswa kuukubali katika siku 21, au alivunje Bunge. Huo ndio uzito wa ile sahihi.

Tena wafundishwe kwamba njia yaweza kufupishwa. Miswada mitatu mikubwa juu ya madini na maliasili ililetwa kwa hati ya dharura mwaka 2017, ikapitishwa katika siku chache za mwisho wa Juni na mwanzo wa Julai. Shabaha yake, ya kulinda mali ya nchi, naiunga mkono. Lakini mwalimu aliye mwaminifu atauliza darasani: mwito wa maoni ukitolewa kwa siku chache kama hizo, mtu wa Kasulu atafikaje? Atauliza hivyo hivyo juu ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998. Wilaya hizi mbili zimepokea wakimbizi wa Burundi na Kongo kwa maelfu kwa maelfu, Nyarugusu imekuwapo tangu 1996, na hakuna sehemu ya nchi iliyokuwa na la kusema juu ya jambo hilo kuliko hii. Swali kama hilo halimtii kijana uasi.

Kwa maana hilo ndilo hofu ya wapinzani wangu, ingawa hawalisemi wazi. Husema kwamba vijana wakifundishwa milango watakuwa wabishi. Kwamba kazi ya shule ni kufunza utii. Nawajibu kwamba utii wa asiyejua sheria ilikotoka hudumu muda ule tu ambao mlinzi yupo. Msitu haulindwi na mtu aliyeambiwa usichome. Unalindwa na yule aliyesimama mkutanoni akabishania urefu wa mkuza, akashindwa au akashinda, kisha akarudi nyumbani akijua kwamba neno lile limo. Ubishi wa mkutanoni ni nusu ya utii wa porini. Mimi huwapa vijana ubeti mmoja niliowatungia, si wa kukariri ngazi, bali wa kuwashika mkono waulize:

Muswada unapotua, uliza nani mtunzi,
Nani atakayelia, nani apewa ulinzi,
Usikubali tulia, uliza we mwanafunzi,
Sheria ni yetu sisi, tujue izaliwavyo.

Wengine husema kwamba wakati hautoshi, kwamba mtihani ndio mwenye amri. Mtihani nauheshimu, kwa kuwa najua maskini hana ngazi nyingine ya kupandia. Lakini mwanafunzi aliyeufuata muswada mmoja tangu mwanzo hadi mwisho ataziandika zile hatua kwa maneno yake, na kila hatua ataitolea mfano wake. Mkariri akisahau ya nne hupoteza na ya tano. Wala kazi hii haihitaji fedha. Taarifa Rasmi za majadiliano ya Bunge zimejaa Kiswahili kinene, kitamu na kikali, na somo la lugha lingefaidika nazo kuliko hadithi nyingi tunazowalazimisha kusoma. Diwani akialikwa shuleni huja, tena huja mapema. Wanafunzi wengi hawajafikisha miaka 18 na hawana kura katika Mkutano wa Kijiji, ila hakuna ubaya wakiomba kwa mwenyekiti waketi pembeni wasikilize.

Na kwa mwalimu anayetaka kuanza Jumatatu ijayo, kitabu cha kwanza cha somo si kile chenye vijisanduku. Ni daftari la mihutasari ya Mkutano wa Kijiji, ambalo mahali pake ni katika ofisi ya mtendaji. Aende alikoombe, akiwa na wanafunzi wawili au watatu, na atazame mkutano wa mwisho ulikaa lini.